Kuvu la Kahawa Linavyofundisha Sayansi

Mkulima wa Othaya au Mathira akiona madoa meusi yaliyobonyea kwenye kahawa ya kijani, huujua ugonjwa mara moja: ni CBD, yaani ugonjwa wa matunda ya kahawa. Uligunduliwa Kenya mwaka 1922, magharibi mwa Bonde la Ufa, na baadaye ukafika mashamba ya Mlima Kenya. Unasababishwa na kuvu liitwalo Colletotrichum kahawae, ambalo hustawi penye baridi na unyevu. Matone ya mvua hurusha spora zake kutoka tunda hadi tunda. Bila kinga, msimu wa mvua nyingi unaweza kumpokonya mkulima zaidi ya nusu ya mavuno.

Mwanafunzi wa baiolojia aufuatilie ugonjwa huu, kwa kuwa historia yake inaonyesha jinsi wanasayansi wanavyosahihishana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti Nutman na Roberts walikuta kuvu kwenye magome ya matawi machanga. Wakatoa nadharia tete: maambukizi huanzia kwenye gome. Kama ni kweli, dawa ipigwe mapema, kabla mvua haijashika, ili spora zife kabla ya kufikia matunda. Ushauri huo uliwafikia wakulima.

Ubora wa nadharia tete hiyo ni kwamba ilitabiri jambo linaloweza kupimwa shambani. Griffiths na wenzake walipolipima, waliona kwamba chanzo kikubwa cha spora ni matunda yenyewe yaliyougua, si gome. Kumbe kinga ilihitajika zaidi wakati tunda linapokua haraka, mvua ikiendelea kunyesha. Ratiba ya kupiga dawa ikabadilishwa.

Kuvu kuwepo kwenye gome hakukutosha kuthibitisha kwamba ndilo linaloambukiza matunda. Gome hubeba pia jamaa zake wasioweza kuozesha tunda bichi lisilo na jeraha. Ndiyo maana mtaalamu hulitenga kuvu, hulipaka kwenye tunda zima, kisha husubiri aone kama dalili zilezile zitatokea. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walitumia mbinu ya aina hiyo kuchuja miche: waliiambukiza kwa makusudi, wakabaki na ile iliyostahimili. Kazi hiyo ilichangia kupatikana kwa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Shule yenye miti michache ya kahawa inaweza kujaribu yenyewe. Swali: je, mvua ndiyo inayoeneza CBD? Chagua matawi yanayofanana, yafunike baadhi kwa nailoni angavu, mengine yaache wazi. Hayo ya wazi ndiyo kundi linganishi. Hesabu matunda yote na yaliyougua kila wiki.

Matunda yaliyofunikwa yakipona, usikimbilie kutangaza jibu. Nailoni imezuia mvua, lakini imeongeza joto pia, na huenda joto ndilo lililolidhoofisha kuvu. Ongeza kundi la tatu: nailoni ileile, iliyotobolewa matundu mengi ili maji yapenye. Joto halitakuwa sawa kabisa, ila litakaribiana. Kundi hilo likiugua kama matawi ya wazi, hoja ya mvua imepata nguvu. Lisipougua, andika matokeo hayo bila kuyaficha, kisha utunge swali jipya.