Mwanafunzi wa uuguzi si mpelelezi wa posa

Katika familia zetu za Makambako na Njombe wapo sasa mabinti na vijana wanaosomea uuguzi na ukunga. Ni jambo la kushukuru, wala si geni katika Uislamu: Rufaida al-Aslamiyya aliwahudumia majeruhi ndani ya hema lililosimamishwa msikitini Madina, zama za Mtume (s.a.w.). Lakini tangu vijana hao waanze kuingia wodini kwa mafunzo ya vitendo, limezuka ombi ambalo kamati ya msikiti wetu imelisikia zaidi ya mara moja, tena kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao. Posa imeletwa. Shangazi anamvuta binti pembeni: "Mwanangu, wewe si uko hospitali? Hebu tutazamie jina la huyu kijana kule kliniki, kama yumo."

Hatulidharau ombi hili, maana hofu inayolizaa ina sababu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022/2023 ulionyesha kuwa watu wanaoishi na VVU ni asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa Njombe ni asilimia 12.7, nayo ndiyo ya juu kuliko mikoa yote. Kweli, takwimu hizo zinawajumuisha watu wengi wanaotumia dawa na kuishi umri mrefu, hivyo ukubwa wake si kipimo cha maambukizi mapya peke yake. Hata hivyo, mzazi anayemwoza binti yake katika mkoa huu ana haki ya kuuliza. Tunachokikataa ni yule anayeulizwa.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 iko wazi. Majibu ya kipimo cha VVU ni siri, na wa kwanza kuyapokea ni aliyepimwa mwenyewe. Sheria imewataja wachache wengine wanaoweza kupewa: mzazi au mlezi wa mtoto, mwangalizi wa mtu asiyeweza kuyaelewa majibu yake, mume au mke au mwenzi wa kujamiiana, na mahakama. Shangazi wa mchumba hakutajwa. Imamu hakutajwa, na katibu wa kamati ya msikiti vilevile. Tena wanaofungwa na wajibu wa kutunza siri hiyo si daktari peke yake, bali kila mhudumu anayeshika taarifa za mgonjwa. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayoziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Sasa mtazameni binti tunayemtuma. Bado hana leseni. Akimaliza masomo, atahitaji kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chombo kinachosimamia maadili ya taaluma hiyo na chenye mamlaka ya kumwondoa mtu kazini. Kwa kufungua faili moja lisilomhusu anaweza kufukuzwa chuo, na ada zilizolipwa kwa magunia ya viazi na mbao zikapotea. Shangazi hatakuwapo mbele ya kamati ya nidhamu.

Na hata angefanikiwa, angeleta nini nyumbani? Jina la kijana kutoonekana kliniki si ushahidi wa afya yake. Huenda hajapima kamwe, au amejiandikisha mkoa mwingine. Jina kuonekana nako huenda ni la mtu mwingine kabisa, maana majina yetu yanafanana sana. Posa nzuri huvunjika hivyo, na posa ya hatari hupita.

Liko pia dhara lisiloonekana upesi. Makambako ni njia panda ya magari ya Mbeya, Dar es Salaam na Songea, na treni ya TAZARA inasimama hapo, lakini ukiwaondoa wapita njia ni mji ambao watu wanajuana. Wapo wanaopanda gari kwenda kuchukua dawa mbali na mtaa wao ili wasikutane na jirani. Likivuja neno moja kutoka kliniki, mtu wa namna hiyo huacha kwenda. Anayemeza dawa za kufubaza virusi sawasawa, hata virusi visionekane tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Anayeziacha kwa kuogopa midomo ya watu, virusi vyake hupanda tena, na atakayeoana naye ndiye atakayekuwa hatarini.

Vijana wenyewe nao tunawakumbusha kwamba kutotaja jina hakutoshi. Ukisimulia mezani kuwa leo mmempokea fundi seremala wa mtaa fulani mwenye watoto wanne, umekwisha kumtaja. Picha ya wodini iliyotumwa kwenye kundi la simu ni yale yale, hata kama lengo lilikuwa kuonyesha sare mpya.

Kamati yetu haimdai mtu cheti cha kipimo kabla ya nikahi, kwa kuwa kupima ni kwa hiari na sheria haituruhusu kumlazimisha yeyote. Tunawashauri wazazi wa pande mbili walizungumze jambo hili mapema, kabla ya mahari kutolewa, kisha wachumba waende kupima wakiwa pamoja na kila mmoja amweleze mwenzake majibu yake kwa kinywa chake. Kwa kuwa bado si mume na mke, aandamane nao mjomba au bibi, angoje nje ya mlango. Baada ya ndoa, anayejua kuwa ana maambukizi analazimika kisheria kumjulisha mwenzi wake mara moja.

Kupima katika vituo vya serikali hakuna malipo. Aliyekuwa katika hatari siku za karibuni arudie baada ya miezi mitatu, kwani kipimo cha mwanzo huweza kisionyeshe maambukizi mapya. Tarehe ya harusi ipangwe kwa kulizingatia hilo.