Nani Aliyaona Maziwa Yako Yakikamwa?

Kila alfajiri maziwa huingia mitaa ya Eastlands kwa mitungi. Umoja, Kayole na Dandora hununua ya ng'ombe. Eastleigh hupokea pia ya ngamia kutoka Isiolo. Je, nani ameyasimamia?

Swali hili ni la kale kwa marabi wa Kiyahudi. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inakataza maziwa yaliyokamwa na asiye Myahudi bila Myahudi kuona. Walihofia yasichanganywe na ya mnyama asiye halali kwao, kama ngamia. Katika karne ya 20 Rabi Moshe Feinstein wa New York aliruhusu maziwa ya kampuni za Marekani: kwake, sheria ya serikali na hofu ya adhabu ni sawa na jicho la msimamizi. Marabi wengine walikataa. Wao wanataka shahidi penye kukamulia.

Hapa kwetu leseni hutolewa na Bodi ya Maziwa (KDB). Hoja ya Feinstein yafaa kwa maziwa ya pakiti, maana mtengenezaji anajulikana na anaweza kushtakiwa. Mchuuzi asiye na leseni hana hofu hiyo. Lakini hata shahidi wa zizini hawezi kuona viini vya brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Laktomita nayo hufichua maji yaliyoongezwa, si viini.

Kwa hivyo, maziwa ya kupimiwa yachemshe hadi yafoke, ya ngamia vilevile, hata kama unamwamini muuzaji. Yafunike katika chombo safi. Mtoto asipewe mabichi kamwe.