Kurudi Progress: mapenzi na taharuki katika mji wa utotoni

Riwaya ya Carolina Moon, aliyoitoa mwandishi Mmarekani Nora Roberts mwaka 2000, inamrudisha Tory Bodeen katika Progress, mji wa kubuni wa Carolina Kusini. Wakiwa na miaka minane, Tory na Hope Lavelle walikuwa chanda na pete. Walipanga kukutana usiku kwenye kinamasi, lakini Tory hakutokea kwa sababu baba yake, mtu mkatili mwenye ushupavu wa dini, alikuwa amemcharaza vibaya. Hope aliuawa huko, na muuaji hakujulikana. Sasa Tory ni mtu mzima, na amerudi kufungua duka la kazi za mikono.

Msomaji wa riwaya za mapenzi huanza kusoma akiamini kwamba wapendanao watafika salama. Katika riwaya za namna hii, basi, taharuki hutafutwa kwingine: nani wa kuaminiwa? Hapo ndipo mji mdogo unapokuwa na nguvu kuliko jiji. Muuaji hawezi kuwa mgeni aliyepita njia. Ni mtu anayefahamika na wote, pengine anaingia dukani kusalimia.

Roberts anaibana hali hiyo zaidi kwa kumfanya Cade, kaka wa marehemu, kuwa ndiye mpenzi wa Tory. Akina Lavelle ni matajiri wenye mashamba. Akina Bodeen waliishi kwenye ardhi yao, na Tory anaporudi anapanga nyumba ileile alimokuwa akipigwa. Mama yake Cade hataki hata kumwona. Faith, pacha wa Hope, amekua akifanana na sura ambayo kila mtu anaililia. Kwa hiyo penzi hili haliwezi kukua kando ya mauaji. Kila hatua yake inapita kwenye kaburi la mtoto, na hapo ndipo ubora wa kitabu ulipo.

Asili ya riwaya za aina hii ni ya zamani. Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) na Rebecca ya Daphne du Maurier (1938) zilimweka mwanamke mgeni ndani ya jumba lenye siri. Anayerudi alikokulia yuko katika hali tofauti: njia zote anazijua, na watu wanamjua yeye, pamoja na aibu za kwao. Hana pa kujificha.

Jambo moja lingeweza kuiharibu hadithi. Tory ana kipaji cha kuona kwa njozi mambo yaliyowapata wengine, na kipaji cha namna hiyo kingemrahisishia mwandishi kazi kupita kiasi. Roberts anakikwepa kishawishi hicho. Njozi zinamjia Tory kama maumivu, zinamwonyesha mateso ya Hope, lakini hazimpi jina la muuaji. Hilo inambidi alitafute miongoni mwa majirani, akiwa macho na akiwa na hofu.