Je, Wajua? Vita Bila Meza

Chumba cha mchezo wa vita hakihitaji meza wala sakafu ya saruji. Bao la Waturkana, ngikiles, huchimbwa ardhini: safu za vishimo, vijiwe vya kutosha na kivuli. Wachezaji hutekeana vijiwe papo hapo mchangani.

Kivuli ndicho pambo la kwanza. Mjini Lodwar, huko Turkana, joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita. Kuta za majani ya mkoma hupitisha upepo; chini ya bati, chumba huwa tanuri.

Mchezo mwingine wa vita, sataranji, ni jeshi zima. Ilianzia India yapata karne ya 6, ikiwa na askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Tembo wa zamani ndiye askofu wa leo; gari la vita likawa ngome.

Nayo imefika Turkana: kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa 1992 kwa waliokimbia vita vya Sudan. Mwaka 2021 Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, na shirika la wakimbizi, UNHCR, yalileta mafunzo ya mchezo huo kambini. Ubao wa kukunja unafaa sana huko: ukitandikwa mkekani, chumba cha kulala ni uwanja tayari.