Siku Moja kwa Wiki: Hasara Isiyoonekana Katika Elimu ya Mtoto

WAZAZI wengi hujihesabia kuwa mtoto anasoma mradi ameandikishwa, ana sare na ana madaftari. Akikosa siku moja hatuoni hasara, kwa kuwa kesho shule itakuwapo palepale. Hesabu hiyo, ndugu msomaji, si sahihi, na inafaa tuipige upya.

Kalenda ya shule za serikali hapa Tanzania kwa kawaida ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtoto anayekosa siku moja tu katika kila juma atakuwa amekosa siku 39 hivi kwa mwaka. Ikitimia miaka mitano, siku alizokosa ni sawa na mwaka mzima wa masomo. Mtoto huyo hakufukuzwa shule, wala hakuitwa mtoro mbele ya watu. Hata hivyo amepungukiwa mwaka mzima wa elimu, na wazazi wake hawawezi kukumbuka ulipotea lini.

Tumtazame sasa anayechelewa. Dakika 20 ni kitu kidogo kwa mtu mzima anayekunywa chai yake. Zikipotea kila asubuhi kwa siku 194, zinafika dakika 3,880. Kuanzia darasa la tatu kipindi kimoja ni dakika 40. Kwa hiyo mtoto huyo amepoteza muda wa vipindi 97. Tena ni muda wa asubuhi, wakati akili ingali changamfu, na ndipo walimu wengi hupenda kufundisha Hisabati.

SOMO HUFUATA SOMO

Elimu haipimwi kwa siku tu, kwani somo la leo hujengwa juu ya somo la jana. Chukua mfano wa darasa linalojifunza sehemu. Jumatatu mwalimu anaeleza maana ya kiasi na asili. Jumanne anaonyesha namna ya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika. Jumatano anajumlisha nusu na theluthi, na jibu linatoka tano ya sita.

Mtoto aliyekosa Jumanne anaiona ile sita ubaoni asijue imetoka wapi. Anaona haya kuuliza, maana wenzake wanaandika bila wasiwasi. Siku chache baadaye anajiambia kuwa Hisabati si somo lake. Mwezi unaofuata anaanza kusingizia tumbo siku za jaribio. Hapo ndipo tunapomwita mtoro, tukasahau kwamba ile siku ya kwanza hakuikosa kwa hiari yake. Ilitolewa ruhusa nyumbani.

NANI HUMCHELEWESHA?

Tuseme kweli. Mara nyingi mtoto huchelewa kwa sababu ya kazi aliyopewa alfajiri. Ametumwa maji, ametumwa dukani, ameambiwa kwanza afagie uwanja. Kijijini, siku ya gulio, mama anatangulia na bidhaa zake, na binti wa darasa la nne anaachiwa mdogo wake mgongoni. Msimu wa palizi kijana anaitwa shambani, au anapewa mifugo kwa sababu mchungaji ameondoka.

Hatusemi kwamba mtoto asifanye kazi. Kazi ni sehemu ya malezi, na mtoto asiyejua jembe wala ufagio hajalelewa. Lakini kazi ina saa yake. Maji yanayochotwa alfajiri yangeweza kuchotwa jana jioni, tena na kaka na dada wakisaidiana. Katika nyumba nyingi ni binti peke yake anayebeba mzigo huu, kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawapendi masomo.

Binti aliyevunja ungo ana shida nyingine. Asipokuwa na kitu cha kujihifadhi siku zake, au asipokuta maji na choo chenye faragha shuleni, atabaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi bila kusema sababu. Mama, shangazi na mwalimu wa kike wasimwache abahatishe.

Mijini wako watoto walioamka mapema, wakasimama kituoni, na daladala zikawapita kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mtoto kama huyo akifika amechelewa, akapokewa kwa fimbo langoni, ameadhibiwa kwa kosa la watu wazima. Walimu wetu waulize kwanza, ndipo waamue.

MLANGO ULIKWISHA FUNGULIWA

Taifa hili limetoka mbali katika jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisogeza lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamtaka mzazi si kumwandikisha mtoto tu, bali pia kuhakikisha anahudhuria. Ada ya shule ya msingi, iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980, ilifutwa tena mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne.

Hatua hizo zimemfikisha mtoto mlangoni. Kumwamsha, kumlisha na kumtoa nyumbani kwa wakati ni kazi ya nyumbani, na hakuna waraka wa wizara utakaoifanya kwa niaba yetu.

TUFANYE NINI?

Matayarisho ya asubuhi yaanze jioni. Sare ifuliwe mapema, madaftari yapangwe kabla ya kulala, kiporo au uji ujulikane. Mtoto alale mapema. Televisheni na simu zisimkeshe. Kina mama wa jirani wanaweza kupeana zamu ya kuangalia watoto wadogo siku za gulio, ili asiwepo binti anayebaki nyumbani kwa ajili hiyo.

Mtoto akiugua, apumzike na atibiwe. Lakini mwalimu apewe taarifa, na akipona asaidiwe kunakili yaliyofundishwa. Baba naye asisubiri kuitwa shuleni kwa ajili ya kesi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili, ndugu mzazi, pita shuleni kwa mwanao. Omba uelezwe mahudhurio yake kama yalivyo katika daftari la darasa, uhesabu siku alizokosa tangu muhula uanze. Kisha rudi nyumbani, ukae na mwenzio, mjiulize kila siku mojawapo ilipotezwa na nani.