Chujio na Kichujio Hai

Mrina asali wa Urambo amiminapo asali juu ya kitambaa, nta na makapi hubaki juu: hilo ndilo chujio. Je, neno hilo latosha kwa sifongo itiwayo katika tangi la afugaye nyumbani uduvi wa maji chumvi, yaani artemia, chakula cha vifaranga vya samaki? La. Mapovu ya hewa huvuta maji polepole ndani ya sifongo. Taka hunaswa, na humo hukaa bakteria wageuzao amonia, iliyo sumu, kuwa nitriti, kisha nitrati. Aidhaniaye kuwa chujio tupu huifua kwa sabuni. Bakteria hufa, na uduvi hufuata. Twapendekeza iitwe “kichujio hai”, ili jina lenyewe limwonye mfugaji aisuuze kwa maji yaliyotekwa katika tangi lilelile.