Windo la Mto Tana na Haki ya Msafiri

Waswahili husema msafiri kafiri. Hawakusudii kwamba ameiacha dini, bali kwamba safari humvua mtu raha za nyumbani, ikamwacha mchovu na mhitaji. Wahenga hao hao wakasema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Semi hizi mbili zilikutana kwenye njia ya Garsen mwaka 1975, katika safari ya windo ambayo mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekuwa dereva wake, angali akiisimulia.

Siku hizo uwindaji wa leseni ulikuwa halali nchini Kenya. Vijana wanne wakaondoka na Land Rover kuukuu, bunduki moja, mchele, tende na kisu kikali. Kisu hakikosekani katika windo la Muislamu. Hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua risasi, kisha hukimbia amuwahi mnyama kumchinja angali na uhai.

Masaibu yalianza walipovuka Mto Sabaki. Pancha ya kwanza wakatia gurudumu la akiba. Ya pili ikawakuta mikono mitupu. Akatokea dereva wa lori la ng'ombe, akateremka na pampu na viraka vyake, akaziba mpira, na senti hakupokea. Alisema tu: "Na nyinyi mkimkuta mwenzangu amekwama, msimpite."

Kisha ikaja mvua. Udongo mweusi wa karibu na Garsen ukirowa hunata kama gundi, na gari likazama hadi ekseli. Usiku ule wachungaji wa Kiorma wakawaletea maziwa kwa kibuyu. Asubuhi wakaja wakulima wa Kipokomo na majembe. Waorma wakatandika matawi ya miiba, Wapokomo wakachimba, wote wakasukuma. Adhuhuri gari likatoka, lakini mto ulikuwa umefurika na feri imesimama.

Wakalala kwa mkulima mmoja, Mkristo. Mwenyeji akakamata jogoo, akamkabidhi mgeni pamoja na kisu: "Mchinjeni wenyewe, mle bila shaka moyoni." Mzee asema hajasahau neno lile hata leo.

Siku ya tatu wakapata swala wawili, wasizidi. Wachimbaji wa tope walipewa nyama. Wachungaji hawakutaka nyama ya mwitu, wakapewa mchele na tende. Mombasa likafika paja moja.

Kwa mafunzo ya dini yetu, hawa wenyeji hawakutoa fadhila tu. Surat at-Tawba, aya ya 60, inamtaja msafiri miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. Wanavyuoni wameeleza kuwa aliyekatikiwa njiani huwa na haki hiyo hata kama kwao ni tajiri. Tope halimuulizi mtu mali yake.

Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, na wanyama wakapata kinga ya sheria. Binadamu hawakuipata. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma wa Tana walipigana kwa ajili ya ardhi, maji na malisho, na zaidi ya watu 100 wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Ni jamii zile zile mbili zilizoliinua gari la wageni kwa bega moja. Waliojua kumhifadhi mpita njia wakashindwa kuhifadhiana wao kwa wao.

Leo lami imefika Garsen na mto una daraja. Magari hupita kwa kasi, na asiyekwama hana haja ya kumjua mtu. Ndugu msomaji, ukienda Lamu kwa Maulidi, hiyo ndiyo njia yako. Simama walau kidogo. Wasalimu wa jembe na wa fimbo, nunua kwa mkulima na kwa mfugaji, bila kumpendelea mmoja. Sisi watu wa pwani tuna deni la tope lile, na paja moja la swala halikulilipa.